Buku Yangu ya Pensheni kwa Mama wa Dagaa

Deni la mume wangu lilihesabiwa kwa dola, na pensheni aliyoniachia inalipwa kwa franka. Mtu anayeishi Kalemie hahitaji kuelezwa zaidi. Kila dola ilipopanda, deni lilinenepa bila mimi kukopa kitu, nikiwa nimekaa nyumbani nachambua sombe, majani ya mihogo.

Mume wangu alikuwa karani wa kuhesabu magunia katika kampuni moja ya kupakia mizigo bandarini. Alikuwa mtu wa kalamu, si wa maji. Lakini miaka yake ya mwisho aliona wenzake wananunua moteri za mitumbwi na kujenga kwa matofali ya kuchoma, naye akaenda sokoni kwa mama mmoja muuza dagaa, akakopa pesa ya moteri. Mama huyo nilimjua kabla ya deni, tulisali kanisa moja. Nitamwita mama wa dagaa tu, maana jina lake si langu kulitoa.

Moteri ilifanya kazi miezi minne. Upepo ukaja mchana, mtumbwi ukapinduka upande wa Mpala, wavuvi wakaokolewa na wenzao, moteri ikabaki chini ya ziwa. Mume wangu alikwenda kusimama ufukoni siku mbili mfululizo, kama vile chuma kinaweza kuchoka na kupanda juu. Mwaka uliofuata tumbo lilimshika, akalazwa, hakurudi.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, kabla watu hawajatawanyika, mkubwa wa ukoo husimama uani na kuuliza nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani. Wadai husema. Halafu kunakuwa kimya. Kimya kile kina kazi yake. Ndugu wa marehemu ndio wanatakiwa kukivunja, kwa sababu wao ndio watakaogawana vitu vyake. Mjane hukaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, hasemi. Yeyote atakayeitika ndani ya kimya kile, deni linahamia kwake. Hakuna karatasi, lakini ua mzima ni shahidi.

Desturi hiyo niliijua tangu utoto. Siwezi kusingizia ujinga.

Mama wa dagaa alisimama, akataja deni lake kwa sauti ya chini, macho yana machozi. Hakumtukana marehemu. Shemeji zangu wakaangalia miguu yao. Mkubwa wao alikuwa anaiangalia baiskeli ya mume wangu iliyoegemea ukuta, na nilijua ameshaipanda moyoni. Kimya kikawa kirefu kuliko inavyofaa. Nyuma, karibu na masufuria, mtu akanong'ona, "Kumbe alikuwa anatembea na suti ya pesa ya watu."

Neno lile lilinichoma. Mume wangu alikuwa na suti moja, na tulikuwa tumemzika nayo.

"Nitalipa mimi," nikasema.

Shemeji mkubwa akapumua kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni. "Haya. Mwenye deni amejulikana."

Baada ya hapo waligawana baiskeli, radio, na mabati sita tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya kuongeza chumba. Mama yao hawakumgawana. Alibaki kwangu, na yuko kwangu mpaka leo.

Wiki moja baadaye mama wa dagaa alikuja nyumbani. Aliketi, akakubali maji, akasema kwa upole, "Mama, neno lako nililisikia. Sasa nipe kitu cha kushika."

Sikuwa na kitu ila kile kitabu kidogo cha pensheni ya mjane, tunachokiita buku. Bila buku huwezi kupokea pesa gisheni, kwenye dirisha la malipo. Niliitoa kwenye sanduku, nikaifuta vumbi, nikampa kwa mkono wangu. Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu siku ile, na yeye si mtu wa kukosa cha kusema.

Basi ikawa hivi. Kila miezi mitatu tunakwenda pamoja kwenye biro, ofisi ya pensheni, mama wa dagaa na mimi, kama mtu na dada yake. Ananikabidhi buku mlangoni, anakaa kwenye kiukuta cha nje kwenye kivuli, mimi napanga mstari na wajane wengine na wazee wa bandari. Nikitoka, namkabidhi buku na pesa. Anatoa kwanza faida ya mkopo wake ya miezi mitatu. Mara nyingi faida peke yake inakula karibu yote. Kinachobaki ananipa, na hapo anakuwa na huruma, hanipunji hata noti moja. Lakini hakijawahi kutosha zaidi ya unga wa mwezi mmoja. Miezi miwili iliyobaki mama mkwe na mimi tuliishi kwa sombe ya kiwanja, kwa mihogo ya kuomba, na kwa chai ambayo jina lake tu ndilo lilikuwa chai. Na mwili wa deni haukupungua hata kidogo. Miaka miwili hivyo.

Ili kulipwa, mjane anatakiwa kupeleka karatasi mbili kutoka kwa shefu wa mtaa, moja ya kusema kwamba yu hai, nyingine ya kusema kwamba hajaolewa tena. Karatasi hizo zina gharama, na mara nyingi sikuwa nayo. Mama wa dagaa akazilipia.

"Unaona?" alimwambia shefu mbele yangu, huku anafungua kitambaa chake cha pesa. "Mimi njo namulipia huyu uzima."

Shefu akacheka, akapiga muhuri. Na mimi nilicheka. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka.

Halafu kuna jambo la fundi viatu. Yeye naye alifiwa na mke, na Jumapili moja tulipotoka kanisani alinibebea mfuko wa mihogo mpaka kwenye kona yetu. Tuliongea habari za mvua. Hakukuwa na kingine, na kama kingekuwepo ningekiandika. Siku ya tatu mama wa dagaa alikuwa mlangoni kwangu, amekuja kwa pikipiki, kitu ambacho hakukifanya kwa sababu ndogo.

"Nimesikia unasindikizwa."

"Nilibebewa mihogo."

"Leo mihogo, kesho mukeka. Mama, sikiliza. Ukiolewa, pensheni inakufa siku hiyo hiyo. Ukiolewa, umeniibia."

Mama mkwe alikuwa anaota jua pembeni. Akapiga makofi na kucheka mpaka akakohoa. "Ona! Mimi niliyemuzaa marehemu simulindi huyu muke hivi. Weye unamulinda kama kuku wa kutaga!"

"Mama, mimi nalinda pesa yangu."

"Basi njo ulale naye humu, umuchunge vizuri. Ila sombe yenyewe haina chumvi."

Mimi sikutaka kuolewa. Ningependa hili lieleweke. Nilikuwa namlilia mume wangu, kimya kimya, kwa namna yangu, na nguo nyeusi nilikuwa naivaa kwa sababu moyo wangu ulikuwa haujataka rangi nyingine. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi nilipoifunga nguo ile, nilijiuliza naifunga kwa ajili ya nani. Ujane wangu ulikuwa umepata mtu wa kuuhesabu. Njaa niliweza kuivumilia. Hilo sikuliweza.

Mwaka wa tatu mama mkwe alianza kudhoofika. Hakuwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Muuguzi wa kituo cha afya alimwangalia mikono na macho, akasema, "Mama huyu anataka chakula." Alisema hivyo tu, akaita mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nimemshika mkono, na mkono ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nikajua kwamba robo ya mwaka inayokuja, pesa ile ikiishia tena kwenye kiukuta, nitakuwa nimemzika na yeye.

Karani wa gisheni ni mwanaume mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Siku ile ya malipo alishika buku yangu, akachungulia nje ya dirisha, akaniuliza, "Mama, kwa nini buku yako inakaa na yule mama wa kiukutani?"

"Ananidai, Papa. Deni la marehemu."

"Ulisaini wapi?"

"Sikusaini. Niliitika kwenye matanga."

Akavua miwani. "Sikiliza vizuri. Hii pesa ya mujane haikamatwe. Sheria njo inasema vile. Mwenye kudai haikamate, bwana-hukumu mwenyewe haikamate kwa deni kama hilo. Imewekwa ili mujane akule."

"Hakuikamata, Papa. Nilimupa."

Akarudisha miwani machoni. Wazee nyuma yangu wakaanza kunung'unika. "Basi sheria haikukuwaza weye," akasema. "Iliwaza wezi."

Nilitoka na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Serikali ilikuwa imejenga ukuta kunizunguka ili mtu asiniibie, na mimi nimepitisha kila kitu juu ya ukuta ule kwa mikono yangu. Na mama wa dagaa pale nje aliponyoosha mkono wake, nikampa tena. Ndiyo. Baada ya kuambiwa yote hayo, nikampa tena, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Karani alikuwa amefikiria. Akanipa njia rahisi: niende kwa polisi, niandikishe kwamba buku imepotea, nirudi na karatasi ya upotevu, yeye atanitengenezea mpya. Ile ya zamani itakuwa takataka mkononi mwa mama wa dagaa.

"Lakini haijapotea," nikasema.

"Mama, ni neno tu."

"Najua iko wapi. Iko ndani ya kikopo cha maziwa, chini ya meza yake."

"Unataka kula ao unataka kuungama?"

Nilimshukuru, nikaenda. Nilifika mpaka mbele ya mlango wa polisi. Askari aliyekuwa kwenye meza akauliza, "Umepoteza nini, Mama?" Nikafungua mdomo. Kitabu ambacho nilikitoa sandukuni, nikakifuta vumbi, nikamkabidhi mtu, nitasemaje kimepotea? Nikamwambia askari samahani, nimekosea mlango.

Mama mkwe aliponisikia, alikasirika kweli kweli, siyo kwa utani. "Mutoto wangu alioa mutakatifu! Utakatifu wako unatiwa chumvi? Unapikwa na nini?"

"Mama, nitasaini uongo kwa serikali?"

"Serikali! Serikali inakujua wapi? Neno moja tu ulisema kwenye matanga, la ujinga, njo linatula. Neno moja la uongo lingetulisha. Unachagua gani?"

Nililala mchana ule nikiangalia ukuta. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia marehemu, nikamwambia maneno mabaya moyoni, juu ya moteri, juu ya wenzake wa matofali ya kuchoma, juu ya yeye kuniachia mama yake na deni lake na kuondoka na suti. Kisha nikaoga, nikaenda sokoni.

Mama wa dagaa alikuwa anapima dagaa kwa kopo, wateja wawili mbele yake. Nilingoja waondoke. Nikamwambia yote. Nilimwambia alichoniambia karani juu ya sheria. Nilimwambia juu ya karatasi ya upotevu, na kwamba sikuisaini. Halafu nikasema neno nililokwenda kusema: "Siwezi kulipa deni lile. Si mwaka huu, si mwaka kesho. Nilisema nitalipa, na sikujua ninachosema. Naomba buku yangu, mama mkwe anadhoofika."

Aliendelea kuchambua dagaa, anatoa vijiwe. "Kumbe ulifika mpaka kwa polisi."

"Nilirudi mlangoni."

"Ungesaini, ningekuita mwizi, tungemaliza. Sasa unakuja hapa na ukweli wako, mimi nifanye nao nini? Nipeleke Uvira? Dada yangu wa Uvira njo alinipa nusu ya pesa ile. Naye ananiuliza kila wiki."

Hilo sikulijua. Aliniangalia kuona kama nimelisikia.

"Buku sikupi," akasema. "Uliitika mbele ya watu."

Nikarudi kwa karani. Nikamwambia, kama kuna karatasi ya kuandika kitu kilivyo, nitasaini hiyo. Akafungua kabati, akatoa fomu za upotevu, za moto, za mafuriko, za wizi. Akazitandaza zote mezani, akatikisa kichwa. "Hakuna fomu ya muntu aliyetoa mwenyewe."

Mwisho akachukua karatasi nyeupe. Aliandika kwa Kifaransa, akanifasiria kila mstari kabla ya kuendelea, na mara mbili nilimrekebisha. Aliandika "alinyang'anywa," nikamwambia afute. Aliandika "deni la marehemu ambalo halimhusu," nikamwambia afute na hilo pia, kwa sababu mimi nililiitikia. Mikono ilimchoka. "Mama, wewe unamutetea nani hapa?" Iliyobaki ilikuwa fupi: kwamba buku yangu nilimpa mtu fulani kwa hiari yangu kama dhamana ya deni, kwamba sasa naitaka, kwamba amekataa. Nikasaini. Biro ikamwandikia mama wa dagaa barua yenye muhuri, pamoja na nakala ya maneno yangu, kwamba buku ya mjane haiwekwi dhamana na mtu yeyote, airudishe.

Alikuja na barua ile mkononi na kikopo cha maziwa kwapani, mchana, jua kali. Safari hii alikataa maji. Mama mkwe alijaribu kufanya mzaha, akaona uso wake, akaacha.

"Umenishitaki."

"Niliandika kilivyo. Jina lako nililitoa kwa sababu waliuliza."

"Nimekusoma. Nimesomewa, mimi sijui Kifaransa. Hukunitukana mule ndani. Mutoto wa dada yangu alisema, huyu mama mbona anaandika kama anakuombea." Alicheka kidogo, bila furaha. Akafungua kikopo cha maziwa, akatoa buku, lakini hakuinyoosha. Aliishika kifuani. "Nitakupa. Serikali imesema. Ila sema kitu kimoja. Sema utalipa pole pole. Hata mwaka wa kumi. Sema tu, niende na neno, nimwambie dada yangu kuna neno."

Mama mkwe akanigusa mguu kwa kidole chake. Sema.

Ninakumbuka jasho lilikuwa linashuka kwenye shingo ya mama wa dagaa. Alikuwa amechoka. Na alikuwa anadai haki yake, pesa ambayo kweli ilitoka mkononi mwake na kweli ililala ziwani. Neno aliloliomba lilikuwa dogo, na lingemsaidia kulala. Lakini mimi nilishatoa neno la namna hiyo mara moja, uani, kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya. Safari hii nilikivumilia.

"Nadaiwa," nikasema. "Hilo nitalisema mbele ya yeyote, na mbele ya dada yako akija. Kwamba nitalipa, siwezi kusema."

Aliiweka buku juu ya kinu. Hakuitupa. Akakunja barua mara nne, akaiweka mahali buku ilipokuwa, ndani ya kikopo, akaondoka kwa miguu.

"Ungesema," mama mkwe akaniambia baadaye. "Ilikuwa ni kumupa maji tu ya kunywa njiani."

"Najua."

"Unajua, na hukusema."

"Sikusema."

Robo iliyofuata nilipokea pesa yote. Nilinunua gunia la unga, mafuta, chumvi, maharage, na dawa ya kikohozi. Mama mkwe alikula ugali siku ya kwanza mpaka akashika tumbo na kulalamika kwamba nataka kumuua kwa shibe. Baada ya mwezi mikono yake ilianza kurudi. Hilo ni jema, na naliandika kama jema. Lakini nikisema kwamba nililala vizuri nitakuwa nadanganya. Nina hasira na sheria inayokulinda bila kukuambia unalindwa. Nina hasira na shemeji zangu, na baiskeli ile inapita mbele ya nyumba yetu kila siku ikipiga kengele. Nina hasira zaidi na mimi, ambaye ukweli wangu siku zote umelipiwa na mtu mwingine, kwanza mama mkwe kwa tumbo lake, sasa mama wa dagaa.

Alihama upande wetu kanisani. Kwa miezi kadhaa nilinunua dagaa kwa wengine, kwa bei ya juu na mchanga mwingi. Halafu nikaona hiyo nayo ni namna ya kusema uongo, kupita njia ya nyuma kama mtu asiyemjua. Wiki iliyopita nilikwenda mpaka mezani kwake. Nilimsalimu. Hakuitika. Kulikuwa na wanunuzi watatu, na nilikuwa nimesimama mbele ya kopo lake.

"Simama pembeni," akasema, bila kuniangalia. "Unanizibia watu."

Nikasogea pembeni. Akaendelea kupima. Sikuondoka.